Subira ya Muuguzi Isigeuzwe Sera ya Hospitali

Katika makabidhiano ya zamu, baada ya presha, mapigo ya moyo, dripu iliyobaki na dawa za saa sita usiku, huja sentensi moja ambayo haimo kwenye fomu yoyote: "Halafu muwe macho, ndugu wa kitanda cha sita ni wasumbufu." Wanaopokea zamu hutikisa kichwa. Hakuna anayeuliza wanasumbua nini. Hakuna anayeuliza walitaka kujua jambo gani, nani aliwajibu, na kama jibu lenyewe lilieleweka. Ikifika zamu ya tatu, sentensi hiyo imeshakuwa kama sehemu ya ugonjwa wa yule aliyelala kitandani, na muuguzi anayemwendea kwa mara ya kwanza huingia akiwa tayari amejihami.

Naipinga sentensi hiyo kwa sababu inawaweka watu wawili tofauti kwenye fungu moja. Yupo ndugu mwenye hofu ambaye hajajibiwa. Yupo pia ndugu anayetukana, anayetisha, anayemshika muuguzi mkono kwa nguvu na kumvuta. Wa kwanza anahitaji habari, wa pili anahitaji kuwekewa mpaka. Tukiwachanganya, yule mwenye swali tunamkwepa, na yule mwenye matusi tunamvumilia, kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Na wodi nyingi zinafanya hivyo hivyo, kwa kuwa chombo pekee ambacho uongozi umemwachia muuguzi kwa wote wawili ni subira. Vumilia, wana uchungu. Vumilia, ndiyo kazi yenyewe. Subira ni tabia njema ya mtu binafsi. Hospitali inapoitegemea mahali ambapo ilipaswa kuwa na utaratibu, imemtwika muuguzi mzigo ambao si wake, na mara nyingi imemwacha mgonjwa hatarini.

Tuanze na yule mwenye hofu, maana ndiye tunayekutana naye mara nyingi zaidi.

Mwaka 1979 muuguzi Mmarekani, Nancy Molter, alichapisha utafiti ambao mpaka leo ni msingi wa mjadala huu. Aliwaendea ndugu 40 wa wagonjwa mahututi akiwa na orodha ya mahitaji 45, akawataka waseme lipi lina uzito kiasi gani kwao. Lililoongoza ni kuhisi kwamba matumaini yapo. Miongoni mwa yale ya juu kabisa yalikuwamo mengine ambayo muuguzi yeyote atayatambua mara moja: kuona kwamba wahudumu wanamjali mgonjwa wao, kujibiwa kwa ukweli, kuelezwa kwa maneno wanayoyaelewa, kupigiwa simu nyumbani hali ikibadilika, kupata habari angalau mara moja kwa siku, na kuruhusiwa kumwona mgonjwa mara kwa mara.

Isome orodha hiyo ukimfikiria ndugu wa kitanda cha sita. Anayepiga simu wodini mara nne usiku mmoja hakuahidiwa na mtu kwamba atapigiwa. Anayemdaka daktari koridoni hajapangiwa saa ya kuelezwa. Anayeng'ang'ania kuingia nje ya muda wa kuona wagonjwa anaogopa kwamba jambo litatokea yeye akiwa nje ya mlango, na mara nyingine hofu hiyo ina msingi. Anayemwambia muuguzi "nyie hamjali" amemwona mgonjwa wake amelalia shuka lenye unyevu tangu afike, na shuka hilo kwake ndilo kipimo pekee anachoweza kukisoma. Namba za kwenye monita hazijui. Unyevu anaujua.

Kisha kuna suala la kuelewa. Nchini Ufaransa, Élie Azoulay na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba takriban nusu ya familia za wagonjwa mahututi, hata baada ya daktari kuzungumza nao, hawakuwa wameelewa ama ugonjwa wenyewe, ama matibabu, ama mwelekeo wa hali ya mgonjwa. Na hao ni watu walioelezwa. Kwa hiyo ndugu anapomuuliza muuguzi wa tatu jambo lile lile alilowauliza wawili waliotangulia, tusikimbilie kudhani anatafuta nani atajikanganya. Hofu huzuia maneno yasikae. Mtu akiambiwa kwamba figo za baba yake zimeanza kushindwa, husikia "figo", na dakika tano zote zinazofuata hupita tu.

Hapo ndipo muuguzi anapobanwa. Yeye ndiye aliye kando ya kitanda saa kumi na mbili mfululizo, ndiye anayejua mgonjwa ametoa mkojo kiasi gani na amelalaje. Lakini habari ambayo ndugu wanaitaka kuliko zote, kama atapona, kama uvimbe ule ni saratani, kama bado ipo haja ya kuendelea na mashine ya kupumulia, hiyo hana ruhusa ya kuitoa. Mwenye ruhusa hupita wodini asubuhi kwa dakika chache, mara nyingi wakati ambao ndugu wamezuiwa kuingia. Jioni ndugu wanafika, wanamkuta muuguzi, wanauliza, wanaambiwa "hilo muulizeni daktari." Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu sauti inapanda. Tunasema familia imekuwa korofi, ilhali ratiba yetu ndiyo iliyoifikisha hapo, na anayepokea ghadhabu ni mtu asiyekuwa na mamlaka juu ya ratiba hiyo wala juu ya habari inayotafutwa.

Tuangalie tukio dogo la kila siku. Mwanamke amesimama kando ya kitanda cha mama yake, ana kijitabu, anaandika saa ya kila dawa. Muuguzi anaingia kubadilisha dripu. "Hii ni ya nini? Jana ilikuwa nyeupe kama maji, leo ya njano. Nani amebadilisha?" Muuguzi ana wagonjwa wengine wengi na miguu inamuuma. Anachokisikia ni tuhuma, na jibu lililo karibu na ulimi ni "ameandika daktari", kisha kugeuka na kuondoka. Jibu hilo ni la kweli na halina faida yoyote. Kijitabu kitaendelea kuandikwa, safari hii kikiwa na jina la muuguzi.

Sasa sikiliza jibu jingine: "Umefanya vizuri kuliona hilo, dada. Imeongezwa vitamini, ndiyo maana ina rangi. Daktari aliiandika leo asubuhi kwa sababu mama amekuwa hali chakula vizuri. Majibu ya damu bado hayajatoka. Yakitoka, daktari wa zamu ndiye atakayekuelezea, na mimi nitamwambia kwamba unamsubiri." Haizidi nusu dakika. Ndani yake kuna mambo ambayo ndugu hakuwa nayo kabla: jina la kilichomo, sababu yake, kilicho bado kujulikana, na mtu atakayekuja kukisema. Muuguzi hakuvuka mamlaka yake hata kidogo. Hakutabiri chochote. Hakusema "usiwe na wasiwasi", maneno ambayo mwenye wasiwasi akiyasikia huona ameambiwa anyamaze. Na ameahidi lile tu lililo mkononi mwake, yaani kumkumbusha daktari. Angeahidi kwamba majibu yatatoka saa kumi, yakachelewa hadi saa mbili usiku, asingeaminiwa tena na familia ile, hata katika mambo anayoyajua kwa uhakika.

Wapo watakaosema kwamba muda huo haupo. Wauguzi ni wachache, vitanda vimejaa, na mazungumzo ni anasa. Uchache huo naujua na sitaupuuza. Lakini muda wa kuzungumza na ndugu utatumika kwa njia moja au nyingine. Usipotumika katika kueleza, utatumika katika kubishana, kuitwa ofisini, kuandika maelezo ya malalamiko na kutuliza wodi nzima baada ya makelele. Utafiti mwingine wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2007 na Alexandre Lautrette na wenzake, uliangalia familia za wagonjwa waliokuwa wakielekea kufariki katika vyumba 22 vya wagonjwa mahututi. Kundi moja lilipata kikao cha kawaida na madaktari. Kundi la pili lilipata kikao kilichopangwa maalumu ili familia isikilizwe, pamoja na kijitabu kuhusu msiba. Kikao cha kawaida kilichukua kama dakika 20, kile cha pili kama dakika 30. Tofauti kubwa ilikuwa katika nani alizungumza: kwenye kikao cha kawaida familia ilizungumza kwa dakika 5, kwenye kile kingine dakika 14. Siku 90 baada ya kifo, dalili za msongo unaofuata tukio la kutisha zilionekana kwa asilimia 69 ya waliopata kikao cha kawaida, na kwa asilimia 45 ya wale waliosikilizwa. Dakika kumi za ziada, mara moja. Meneja wa hospitali anayesema hana dakika hizo anapaswa kuulizwa anazo saa ngapi za kushughulikia malalamiko.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ndilo linalonifanya niogope neno "msumbufu" kuliko niwaogopavyo ndugu wenyewe. Ndugu msumbufu wakati mwingine yuko sahihi, na sisi tumekosea.

Josie King alikuwa na umri wa miezi 18 alipoungua kwa maji ya moto na kulazwa katika hospitali mashuhuri ya Baltimore, Marekani, mwanzoni mwa mwaka 2001. Alipata nafuu, akatolewa chumba cha wagonjwa mahututi, familia ikaanza kujiandaa kumpeleka nyumbani. Mama yake, Sorrel King, akaona jambo. Mtoto alikuwa akililia kinywaji kila alipokiona, na alipooshwa alinyonya kitambaa chenye maji kwa pupa. Akawaambia wahudumu. Akajibiwa kwamba vipimo viko sawa. Baadaye mtoto akapewa dawa kali ya kutuliza maumivu, methadoni, huku mama akipinga. Josie alifariki mwezi Februari. Alikuwa amepungukiwa maji mwilini, katikati ya hospitali yenye kila kifaa, na mtu aliyeiona kiu yake alikuwa mama asiyekuwa na cheo chochote pale wodini.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2021, Martha Mills, msichana wa miaka 13, alifariki London kwa sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa na kuufanya mwili uanze kushindwa. Alikuwa ameumia kongosho kwa kuanguka na baiskeli. Wazazi wake walieleza wasiwasi wao zaidi ya mara moja, na hakuhamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi mapema. Mwaka 2022 mchunguzi rasmi wa vifo alisema kwamba kama angehamishwa mapema, inaelekea angepona.

Vifo kama hivyo vimezaa taratibu ambazo kila hospitali inapaswa kuzijua. Mwaka 2005 hospitali moja ya Pittsburgh ilianza kuwaruhusu wagonjwa na ndugu kukiita wenyewe kikosi cha dharura, bila kusubiri kibali cha muuguzi wala daktari. Jimbo la Queensland nchini Australia lilianzisha kanuni ya namna hiyo mwaka 2013, nayo ilipewa jina la mtoto, Ryan Saunders, aliyefariki mwaka 2007 baada ya wasiwasi wa wazazi wake kutofanyiwa kazi. Uingereza nayo, kuanzia mwaka 2024, hospitali zilianza kutekeleza Kanuni ya Martha: mgonjwa, ndugu au mhudumu akiona hali inazidi kuwa mbaya na hasikilizwi, anaweza kuomba mgonjwa akaguliwe haraka na timu nyingine, saa yoyote ya usiku au mchana.

Baadhi ya wenzangu wakisikia haya huhofia kwamba ndugu watapiga kengele kila dakika. Mimi naona muuguzi ndiye atakayefaidika kwanza. Leo hii ndugu mwenye wasiwasi hana pa kwenda isipokuwa kumrudia muuguzi yule yule, kwa sauti kubwa zaidi. Akiwa na njia rasmi, muuguzi anaweza kumwambia: "Mimi nimempima na nimeona hivi. Kama bado unaona hayuko sawa, hii hapa namba ya timu itakayokuja kumtazama." Ubishi umeisha, na kama kuna kitu kilichopita bila kuonekana, kitaonekana.

Bila hata kanuni hiyo, lipo swali moja ambalo muuguzi anaweza kuanza nalo leo: "Unamjua kuliko sisi. Leo unaona nini kwake ambacho si kawaida yake?" Binti atasema baba hakosei majina ya wajukuu na leo amekosea. Mume atasema mkewe hupumua kwa utulivu akilala na sasa anahema. Mabadiliko ya akili na ya upumuaji ni miongoni mwa dalili za mapema za mgonjwa anayezidiwa, na muuguzi aliyemwona mgonjwa kwa mara ya kwanza saa moja asubuhi hana cha kulinganisha. Ndugu anacho.

Kuna ndugu wa aina nyingine ambaye wauguzi wa kila mahali wanamfahamu: aliyekuwa mbali. Amefika jana. Wale waliomuuguza mgonjwa kwa miezi wameshakubaliana na madaktari kuhusu njia ya kufuata, na yeye anaingia akitaka kila kitu kianze upya, vipimo vyote virudiwe, na anataka kujua nani aliruhusu haya. Mwaka 1991 jarida la chama cha madaktari wa wazee cha Marekani lilichapisha makala kuhusu jamaa huyu, likimwita binti kutoka California. Madaktari wa California, inasemekana, humwita binti kutoka New York. Kila mahali hutoka mbali.

Nguvu ya hasira yake inatokana na mambo mawili. Yeye amemwona mgonjwa wa sasa akiwa na picha ya mtu mwenye afya aliyemwacha, kwa hiyo maporomoko ambayo wengine waliyazoea polepole, kwake yametokea kwa siku moja. Tena ana deni moyoni la kutokuwepo, na njia iliyo karibu ya kulilipa ni kupigana. Kumwambia "wenzako wameshaamua" ni kumwongezea deni. Kinachosaidia ni kumketisha na kumwanzia mwanzo: alifikaje hapa, nini kilijaribiwa, nini kilishindikana, mgonjwa mwenyewe alisema nini alipokuwa anaweza kusema. Kumwachia kazi ya mkono pia husaidia: kumpaka mama mafuta miguuni, kumlowanisha midomo, kumgeuza pamoja na muuguzi. Anayeshiriki kuhudumia huuona ugonjwa kwa macho yake, na hahitaji tena kuaminishwa.

Ndugu wakigombana wenyewe kwa wenyewe mbele ya kitanda, muuguzi asikubali kufanywa hakimu. Mgonjwa mwenye fahamu zake ndiye mwenye siri zake, na ndiye anayesema nani aelezwe na nani asielezwe. Hili lisemwe siku ya kwanza ya kulazwa, liandikwe kwenye faili, na atajwe msemaji mmoja wa familia. Wodi ambayo haikuuliza mapema hujikuta inajibu simu za watu watano, kila mmoja akipewa maneno yanayotofautiana kidogo na ya mwenzake, kisha watano hao wanakutana nyumbani na kuanza kutuhumiana, na kesho yake wanakuja wote kumtuhumu muuguzi.

Sasa yule wa pili.

Anayemwita muuguzi majina ya matusi, anayempiga picha za video usoni huku akimtishia kumfukuzisha kazi, anayemziba njia asitoke chumbani, anayemgusa asipopaswa kuguswa, huyo hatuhitaji kumtafutia hofu iliyojificha kabla ya kumsimamisha. Pengine anayo hofu. Itasikilizwa baada ya kuacha. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 253 kutoka nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba asilimia 61.9 ya wahudumu wa afya walifanyiwa ukatili wa aina fulani na wagonjwa au wageni wao katika mwaka mmoja, na asilimia 24.4 walifanyiwa ukatili wa kimwili. Mmoja kati ya wanne, ndani ya mwaka mmoja. Katika kazi nyingine yoyote hali hiyo ingefunga ofisi.

Kwetu huitwa changamoto za kazi. Muuguzi akiripoti, swali la kwanza analoulizwa ni "ulimwambia nini?" Baada ya kuulizwa hivyo mara moja au mbili, haripoti tena, na kumbukumbu za hospitali zinaonyesha kwamba hakuna tatizo. Hali hii inaendelea ingawa miongozo ya kimataifa ipo tangu mwaka 2002, iliyotolewa kwa pamoja na Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani, Baraza la Kimataifa la Wauguzi na shirikisho la vyama vya watumishi wa umma. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unakwenda mbali zaidi: unautambua hata ukatili unaoletwa na watu wa nje ya ajira, na ndugu wa wagonjwa wamo humo. Usalama wa muuguzi ni wajibu wa mwajiri. Haumtegemei muuguzi mwenyewe kuwa na moyo wa chuma.

Muuguzi ana sehemu yake, na ni ndogo ila inafundishika. Asimame upande ulio karibu na mlango. Asiinue sauti kushindana. Aseme jambo moja kwa sentensi fupi: "Nataka kukusaidia kuhusu baba. Ukiendelea kunitukana nitatoka, na nitarudi na kiongozi wa zamu." Kisha atoke kweli, kama alivyosema, baada ya kuhakikisha mgonjwa yuko salama. Onyo lisilotekelezwa humfundisha mtu kwamba hakuna mpaka. Baada ya hapo kazi si yake tena. Kiongozi wa zamu afike, mlinzi afike ikibidi, na ndugu aelezwe na mtu mwenye cheo kwamba ruhusa yake ya kuingia wodini inategemea mwenendo wake. Haki ya mgonjwa ya kutibiwa haiguswi kwa namna yoyote kwa sababu ya makosa ya ndugu yake. Jambo hili nalisisitiza, kwa sababu kishawishi kipo: kengele ya kitanda kile huanza kuitikiwa ikiwa ya mwisho.

Hata asipokusudia, muuguzi aliyetukanwa huhudumu vibaya zaidi. Mwaka 2017 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio la Arieh Riskin na wenzake, waliozikusanya timu 39 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga mahututi na kuzipa mazoezi ya kutibu matukio ya kuigiza. Kwa baadhi ya timu, mwigizaji aliyejifanya mama wa mtoto aliwatolea maneno ya dharau. Timu hizo zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa, katika kupashana habari na katika kutoa tiba, na athari ilidumu siku nzima, hata katika matukio ambayo mama huyo hakuwamo. Familia inayotukana inamwumiza mgonjwa wake, na pengine na mtoto wa familia nyingine kitanda cha jirani. Ukweli huu uelezwe kwa ndugu wazi, kwenye karatasi wanayopewa siku ya kulazwa, ili wajue ukali haumletei mgonjwa wao huduma bora.

Jaribio hilo lilikuwa na sehemu nyingine ambayo mameneja wanapaswa kuisoma kwa makini. Baadhi ya timu zilipewa kabla ya tukio zoezi fupi la kompyuta, la kutazama nyuso na kujifunza kutoona uhasama kwa haraka. Nyingine ziliachwa zitukanwe, kisha wanatimu wakaandika kuhusu yaliyowapata. Waliojiandaa mapema walikingwa kwa kiasi kikubwa. Walioandika baadaye hawakupata nafuu ya maana katika utendaji wao. Sisi karibu kila mahali tuna ile ya pili tu: muuguzi akishalia chooni, mwenzake humshika bega na kumwambia ayaache yapite. Namshukuru mwenzake huyo, lakini hayo si maandalizi. Maandalizi ni muuguzi mpya kuigiziwa ndugu mwenye hasira darasani kabla hajakutana naye saa nane usiku akiwa peke yake, na kusema kwa mdomo wake ile sentensi ya kuweka mpaka hadi aizoee. Ni daktari kupangiwa saa ya familia inayojulikana na kubandikwa mlangoni, na kuulizwa asipotokea. Ni fomu ya tukio ambayo haianzi na swali la muuguzi alisema nini. Na ni ruhusa, isiyohitaji kuombwa kwa aibu, ya kubadilishiwa kitanda kwa zamu iliyobaki, ili aliyetishwa asirudishwe dakika kumi baadaye kumchoma sindano mgonjwa huku aliyemtishia amesimama nyuma yake.